Beki Aliyeitwa Babu

Jina la Babu alipewa mezani, siku yake ya kwanza kambini, kabla hajamaliza hata kikombe cha chai. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na ushei, beki wa kati, mrefu, mabega yanajaza mlango, na asubuhi hiyo ndiyo kwanza ametua kutoka nchi ya mbali alikozaliwa na kukulia. Mchezaji mmoja, kwa wema tu, akamuuliza amefikaje kutoka uwanja wa ndege. Naye akajibu kwa Kiswahili ambacho hakukitilia shaka hata kidogo:

"Nimeletwa kwa motokaa. Dereva ni mpenzi sana wa kabumbu, tumeongea njia nzima."

Meza nzima ikavunjika mbavu. Motokaa! Kabumbu! Neno la kwanza walikuwa wamelisikia kwa babu zao, la pili kwa watangazaji wa zamani wa redio ambao wengine wameshazikwa. Mmoja alipaliwa na chai hadi akapigwa mgongoni. "Jamani, mpisheni mzee akae," akasema kipa, ambaye ndiye alikuwa nahodha wa timu, "miguu isije ikamvimba." Tangu hapo akawa Babu, na hata kocha hakumwita jina jingine.

Babu mwenyewe alicheka nao, huku masikio yakimwaka moto, maana hakujua kilichochekesha ni nini. Ni yule kipa aliyemsogelea baadaye na kumweleza. Watu hawasemi motokaa siku hizi, wanasema gari. Kabumbu ni mpira tu, au soka ukitaka kujidai.

"Nani alikufundisha wewe?"

"Baba."

"Basi baba yako aliondoka hapa na sanduku la maneno, akalifunga, akatupa ufunguo."

Alisema kwa mzaha, lakini alikuwa amepiga penyewe. Baba yake Babu aliondoka kwao akiwa kijana, akafika ugenini, akajifunza kazi ya kubandika vigae, na maisha yake yote yaliyofuata aliyapitisha kwa magoti kwenye mabafu ya watu. Alioa mwenyeji wa huko. Nyumbani walizungumza lugha ya mama, kwa sababu mama ndiye aliyeshinda na watoto, na Kiswahili kikabaki cha Jumamosi, siku ambayo baba alimchukua mwanawe kazini ili asizurure. Huko, kati ya ndoo ya saruji na ukuta uliolowa, ndiko mtoto alikojifunzia: lete, shika, panguza, subiri. Hakuwa na shangazi wa kumpigia soga, wala watoto wa jirani wa kutukanana nao. Alikuwa na mwalimu mmoja, na mwalimu huyo naye hakuwa na mtu wa kumsahihisha.

Mpira ulimkubali mapema. Akachezea timu ya mji wake, kisha akaitwa timu ya vijana ya nchi aliyozaliwa. Hakuwa nyota, tuseme ukweli. Alikuwa beki wa kazi, mtu wa kuondoa hatari na kurudi mahali pake bila kelele. Lakini kila alipofanya vizuri alikuwa mtoto wa nchi, na kila alipoteleza, mtu jukwaani alimkumbusha kwamba ana kwao. Unatoka wapi hasa, walimuuliza, na hilo "hasa" ndilo lililomla. Siku moja alisababisha penalti, wakafungwa. Baada ya mechi mzee mmoja mpole, kamshika mjukuu mkono, alimwambia kwa sauti ya chini kwamba ingefaa arudi kwao. Hakumtukana. Wenzake waliovurunda siku ile ile walitukaniwa mama zao, na Babu aliwaonea wivu.

Kwa hiyo chama cha soka cha nchi ya baba yake kilipompigia simu, hakuhitaji kubembelezwa. Alielezwa sheria bila kufichwa: ukishacheza mechi za mashindano za timu ya wakubwa, umefunga ndoa, na talaka hakuna. Kocha wa upande wa pili alimsihi asubiri kidogo, kwamba zamu yake iko njiani. Babu hakusubiri. Alichotaka duniani kilikuwa kitu kimoja tu: mahali ambapo akikosea atatukanwa kama mtu wa pale, na matusi yakiisha ataulizwa kama amekula.

Alimwambia baba yake jioni moja, mzee amekaa ukingoni mwa bafu lao, suruali kaikunja, anajipaka dawa magotini.

"Baba, nimeamua. Nitachezea kwetu."

"Kwetu mimi na nani?"

"Kwetu, baba. Kwako. Kwa bibi."

"Bibi yako nilikwenda kumzika, wewe ukiwa mdogo." Mzee aliendelea kusugua goti. "Ndugu zangu wote walikaa chini. Mimi nikaletewa kiti. Wakakifuta vumbi kwanza. Sikuwa nimewakosea na wao hawakunikosea, walinipa heshima. Nilikaa kwenye kile kiti msiba mzima natamani ardhi inimeze."

"Mimi nitakaa chini nao."

"Siku watu wakifurahi utakaa nao popote. Ngoja ukosee. Watakuita mgeni kabla hujainuka."

Walibishana mpaka mama akaja kuuliza kuna nini. Mwisho mzee alimsindikiza mwanawe uwanja wa ndege shingo upande, akambebea begi, na akamuaga kwa kumwambia avae soksi safi.

Sasa yule kipa. Walimwita Komeo, kwa sababu mpira ukifika kwake mlango umefungwa. Timu isipokuwa kambini alikuwa kinyozi, ana chumba chake cha viti viwili kando ya barabara, kioo kirefu, na mashine alizozipenda kiasi kwamba alizifunga kwenye kitambaa kila jioni kama mtu anayelaza watoto. Alikuwa na mke mcheshi na watoto wawili ambao hawakumwachia nafasi kitandani. Ndiye aliyemchukua Babu mkononi. Kambi zilipoisha, badala ya kukimbilia ndege, Babu alikaa siku kadhaa kwa shangazi yake, dada wa baba, mshonaji wa sare za shule, na mchana alishinda kwenye duka la Komeo.

Pale kwenye kiti, shingo imefungwa kitambaa, ndipo Kiswahili chake kilipofunguliwa upya. Komeo alimnyoa huku akimrekebisha, na wateja wakasaidia. "Ukisema kabumbu tena nakunyoa upande mmoja nakutoa nje," Komeo alimtishia. Alimfundisha maneno ya uwanjani: "mtu", maana yake unafuatwa nyuma; "muda", maana yake tulia, uko peke yako; "panda", sogeeni mbele; "banana", mabeki mkaribiane; "wangu", hapo kaa mbali, kipa anatoka; "achia", hapo piga, fyatua, usikae na mpira. Alimfundisha na maneno yasiyoandikika, ya kumwambia mshambuliaji anayejiangusha. Babu alishika haraka. Baada ya mwaka hivi wa kwenda na kurudi, alikuwa anatania, anasuta, anajua na lini anyamaze. Wageni waliofika dukani hawakujua kama amezaliwa kwingine hadi waambiwe. Alifurahi sana siku mteja mmoja alipomgombeza kwa kuruka foleni, akamwita mtovu wa adabu, kisha wakaendelea kuongea habari za mvua.

Mechi iliyomvunja ilikuwa ya nyumbani, na sare ilitosha. Sare tu, na nchi ingekwenda kwenye mashindano ambayo watu wake walikuwa hawajawahi kuyaona ila kwa televisheni. Maduka yalifungwa mapema. Shangazi alikaa uwanjani kwa mara ya kwanza maishani mwake, kavaa jezi aliyoishona mwenyewe, namba imekaa upande kidogo.

Muda ulikuwa umekwisha, zimebaki zile dakika za nyongeza ambazo refa huzihesabu anavyojua yeye. Bila bao. Wageni wakapiga mpira mrefu, ukapita vichwa vyote, ukadunda. Babu ndiye aliyekuwa karibu nao, anakimbia kuelekea lango lake mwenyewe, mshambuliaji anamhemea shingoni. Hapakuwa na mtihani wowote. Ulikuwa mpira wa kutoa nje, popote, hata kichwani kwa watazamaji. Komeo, amesimama kwenye mstari wake, aliona yote, akapaza sauti:

"Achia! Achia!"

Babu alilijua neno hilo. Alikuwa ameshalielezwa, ameshalisikia mazoezini, hata yeye mwenyewe alishawapigia wenzake kelele kwa neno hilo hilo. Lakini kabla ya Komeo kuna mtu mwingine aliyemfundisha. Kigae kikishakaa, saruji ikiwa mbichi, mkono ukichelewa juu yake kinateleza na safu nzima inapinda. Baba, magotini, alikuwa akimwambia neno moja, kwa ukali, naye anatoa mikono kabla hata hajafikiri: achia. Utoto wake wote neno hilo lilikuwa na maana moja, toa mkono, usiguse tena. Na mtu aliyechoka, moyo unamdunda masikioni, hasikii kwa akili. Babu aliinua mguu juu ya mpira, akaupisha.

Komeo hakuwa anatoka. Kwa nini atoke? Mshambuliaji aliupokea mpira peke yake mbele ya lango, kwa mshangao wake mwenyewe, akausukuma ndani. Uwanja ule ulinyamaza kiasi kwamba wageni walisikika wakishangilia kwa lugha yao, kila neno.

Chumbani kwa wachezaji, kocha alikuwa amekaa juu ya kreti la maji, kashika tama. Hakufoka. Alimuuliza Komeo, "Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia achia."

"Na wewe?"

"Nikaachia," akasema Babu.

Mtu mmoja aliangua kicheko, kicheko kibaya, cha mtu anayetaka kulia, kisha akaficha uso kwenye taulo. Wote wakaelewa kwa pamoja. Babu alijaribu kueleza habari za vigae, akashindwa njiani, akakaa sakafuni. Komeo akamfungua kamba, akamvua viatu. "Yameisha, Babu," alisema. "Watatutukana wiki nzima. Tukana na wewe, ukijisikia."

Laiti wangewatukana wote wawili. Lakini watu wana akili zao, na akili za watu wenye uchungu zinajua kupiga hesabu kwa njia ya mkato. Picha za televisheni zilirudiwa usiku na mchana. Sauti haikusikika kwa sababu ya kelele, ila mdomo wa Komeo ulionekana wazi unafunguka, na mguu wa Babu unainuka. Basi wakajiuliza: mtu anainua mguu bure? Hapana, ameambiwa. Ameambiwa nini? Niachie. Wengine wakaapa kwamba wamesoma midomo, na neno ni "niachie", nani asiyeona? Na aliyesema niachie ametoka langoni? Hakutoka hata hatua. Basi ameuza mechi. Kufumba na kufumbua, jambo ambalo hakuna aliyekuwa na ushahidi nalo likawa jambo ambalo kila mtu analijua.

Komeo aliwaambia waandishi kwamba alisema achia, yaani piga. Wakamwuliza, sasa unamtupia lawama kijana aliyeacha maisha yake kuja kutusaidia? Baada ya hapo alinyamaza.

Na Babu? Babu alipokelewa. Alitoka nje ya nyumba ya shangazi kesho yake kichwa chini, amejiandaa kwa mawe, akakuta wanawake wanamwambia pole mwanangu. Muuza magazeti hakukubali apite mpaka ameshikana naye mkono. "Amekuponza yule kipa, Babu. Sisi tunajua." Vijana waliandika jina lake ukutani. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza anatoka wapi hasa. Kile alichokivukia bahari kukitafuta kililetwa hadi mlangoni, kikiwa kimetolewa kwenye mgongo wa rafiki yake, na ubaya wa mambo ni kwamba kilikuwa kitamu. Alijichukia kwa utamu huo. Kila asubuhi alisema leo nakwenda kusema, na kila asubuhi mtu fulani alimshika bega barabarani, akarudi ndani.

Alimpigia Komeo simu. "Niseme?"

"Ukitaka."

"Wewe unatakaje?"

"Mimi nataka kulala. Watachoka, Babu. Watu huchoka."

Hakumwomba. Angemwomba, labda Babu angekwenda siku hiyo hiyo. Heshima ya Komeo ilimpa Babu nafasi ya kunyamaza, naye akaitumia.

Shangazi hakuficha alilokuwa nalo. Alilisema juu ya cherehani, akiendelea kukanyaga, kitambaa cha bluu kinapita chini ya sindano.

"Ukienda kuwaambia hukuelewa neno la Kiswahili, unawaambia nini? Unawaambia wewe si mtoto wetu. Kaka yangu alitoka akapotea. Wewe umerudi. Usijitoe kwa mdomo wako mwenyewe."

"Na Komeo, shangazi?"

"Komeo ana kwao. Kelele zikiisha atakuwepo tu."

Kelele hazikuisha. Jumamosi, mchana kweupe, duka limejaa, kundi la watu likaja barabarani likiimba. Halikuwa na mkubwa wala mpango. Lilianza kama utani, mtu mmoja akapiga mlango teke, mwingine akaokota jiwe. Wateja walitoka kwa dirisha la nyuma. Komeo alibaki kwa ajili ya mashine zake, akaufunga mlango, akaukaza kwa mkono. Walipitisha bomba la chuma kwenye upenyo, wakaanza kupiga pale mkono ulipokuwa. Hakuutoa upesi. Alikuwa na mazoea ya kuzuia.

Kioo kilivunjwa, viti vikatupwa barabarani, na lile kundi likatawanyika likiwa na aibu kidogo, kama watu waliotoka ulevini. Daktari aliunganisha alichoweza. Alisema mkono wa kulia utashika kikombe, utashika kijiko. Mashine ya kunyoa hakuahidi. Mpira hakuna aliyethubutu kumuuliza.

Babu alizisikia habari hizo akiwa anakata uzi kumsaidia shangazi. Aliweka mkasi mezani, akatoka bila kuaga, na safari hii hakuna mkono begani uliomrudisha. Alikwenda moja kwa moja kituo cha redio kinachosikilizwa kuliko vyote. Studio ilikuwa chumba kidogo, kuta zimebandikwa trei za mayai ili sauti isirudi. Mtangazaji, mama mmoja mwenye sauti ya kupoza homa, alifurahi mno kumwona, akasogeza wageni wengine wote wakasubiri nje.

Babu akasema yote. Alisema neno lilikuwa achia na si niachie, kwamba Komeo alifanya alichotakiwa kufanya, kwamba kosa ni lake. Alieleza baba, saruji, magoti, vigae, mikono inayotolewa. Safari hii hakushindwa njiani. Alieleza kwa mpangilio, kwa Kiswahili kilichonyooka, mpaka mwisho.

Mtangazaji alisogea karibu na kipaza sauti. Kisha akasema, kwa upole wa kweli, "Babu, wewe ni muungwana sana."

"Sijaja kusifiwa, mama. Nasema ukweli."

"Unamkingia mwenzako, na kila anayetusikiliza amekuelewa. Lakini nikuulize. Achia maana yake nini?"

"Maana yake piga."

"Ulikuwa hujui?"

"Nilijua. Lakini mwili…"

"Mwili!" Akacheka kidogo, bila ubaya. "Wasikilizaji, mmesikia wenyewe. Kijana anaongea Kiswahili kuliko mimi, anatuambia hajui achia. Hebu tupokee simu."

Simu zikaingia. Wa kwanza alilia. Alisema huu ndio moyo wa mtoto aliyelelewa. Wa pili alisema Komeo ndiye aliyemtuma, kwamba hata akiwa kitandani bado anamtumia mtoto wa watu. Wa tatu alisema hakuna mtoto wa hapa asiyejua achia, na Babu ni mtoto wa hapa, apende asipende. Babu akapiga meza kwa kiganja. "Mimi si mtoto wa hapa!" akapaza sauti. "Nimezaliwa kwingine! Sikuelewa!" Ndilo neno aliloapa maisha yake yote kutolitamka, na alilitamka mbele ya nchi nzima. Mtangazaji akaweka mkono juu ya mkono wake. Akawaambia wasikilizaji kwamba kijana ana uchungu, tumwombee, akaweka wimbo.

Baba yake alimpigia jioni. Alikuwa amesikiliza matangazo kwa simu, kule kwa mbali.

"Wamekuita mgeni?"

"Hapana, baba. Wamekataa."

"Ningekwambia toa mkono," akasema mzee. "Nami ningeweza kusema toa mkono, kama watu wengine."

"Si kosa lako."

"Rudi nyumbani."

"Nikacheze wapi, baba?"

Kwa Komeo alikwenda kesho yake. Mke wake alifungua mlango, yule mcheshi, akamtazama bila kumkaribisha wala kumfukuza, akarudi jikoni. Komeo alikuwa amekaa kitandani, mkono umefungwa hadi kiwiko na umewekwa juu ya mto. Ndevu zilikuwa zimemwota ovyo. Redio ilikuwa kwenye stuli karibu naye, imezimwa.

"Nilikusikiliza," Komeo alisema.

Babu alikuwa ameandaa maneno mengi, yote yakamkauka. Akasema moja tu. "Nimechelewa."

"Umechelewa, ndiyo." Komeo hakukataa kwa ustaarabu, na Babu alimshukuru kimoyomoyo. "Ungesema siku ile ile pale uwanjani, bado unahema, maneno yanakupotea, wangekuamini. Jana uliongea vizuri sana. Nimekaa hapa nakusikiliza nasema, huyu kweli ni mwanafunzi wangu. Hakuna hata kosa moja." Akaangalia mkono wake. "Nilikufundisha kupita kiasi."

"Nitasema tena. Nitasema kila mahali."

"Kila ukisema watakupenda zaidi, na mimi watanichukia zaidi. Usinisaidie, Babu. Nakuomba." Ilikuwa mara ya kwanza kumwomba kitu. "Kocha amekuita?"

"Ameniita. Amemwita na kipa mwingine."

"Nenda. Huna kwingine pa kwenda."

Mke aliingia, akamwinua mumewe mgongo, akaanza kumnywesha uji kwa kijiko, kwa sababu mkono wa kushoto ulikuwa haujazoea. Babu alisimama pale mpaka ikawa dhahiri kwamba amezuia nafasi, akaaga, hakuitikiwa ila na Komeo.

Nje, mbele ya kizingiti, vijana wa mtaa walikuwa wamekusanyika. Habari kwamba Babu yuko humo ndani ilikuwa imesambaa. Mlango ulikuwa bado wazi nyuma yake.

"Babu! Umekuja kumwona na huyu? Baada ya aliyokufanyia?"

"Hakunifanyia kitu. Ni mimi."

"Mnasikia?" kijana mmoja akawaambia wenzake, macho yakimlengalenga kwa mapenzi. "Mnasikia mtu mwenye roho? Wewe ni wetu, Babu. Wewe ni wetu kabisa." Akamzungushia mkono begani. Babu alijaribu kuutoa, akamsukuma kifuani kwa viganja vyote viwili, na yule kijana akadhani amezidiwa na uchungu, akamkumbatia.